Kamera inaona nini hapo?

Mi nilianza kuandika skripti ya filamu nikijua ni hadithi kama hadithi zingine, nakaa na simu usiku hapa Mabatini, Mwanza, namwaga maneno tu. Ukurasa wa kwanza niliandika Mama Neema ana wasiwasi sana maana mumewe hajarudi kutoka ziwani, akakumbuka walivyokutana Ukerewe. Nikampa jamaa anayeshuti video za harusi asome, akaniuliza, kamera inaona nini hapo? Nikakosa jibu. Wasiwasi hauonekani jamani, unaonekana mwili wa mtu mwenye wasiwasi.

Basi nikaenda mwaloni Igombe, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, alfajiri, nikakaa karibu na wamama wanaoanika dagaa, siongei, naangalia. Kuna mama mmoja kila injini ya mtumbwi ikisikika mkono wake unasimama, anatazama ziwani, mtumbwi ukipita anaendelea kugeuza dagaa, hakusema neno. Nikarudi nikafuta ukurasa mzima, nikaandika hivi:

NJE. MWALONI – ALFAJIRI
Mama Neema anageuza dagaa. Mlio wa injini. Mkono unasimama. Mtumbwi unapita.
JIRANI: Taa alibeba?
MAMA NEEMA: Zote.

Basi. Hakuna anayesema neno hofu na bado ipo, yaani nilikaa naisoma hiyo sini, hicho kipande cha filamu, mara kumi.

Halafu urefu. Ukurasa mmoja kwa fonti ya Courier saizi 12 ni kama dakika moja kwenye skrini, na filamu ndefu inakuwa kurasa 90 mpaka 120 hivi, sasa mi nilikuwa na kurasa 5 za watu wamekaa sebuleni wanaelezana mambo wanayoyajua wote, dakika 5 nzima, nani atavumilia?

Ila aliyenisaidia kuliko wote ni mjomba, kavua dagaa miaka mingi. Nikamsomea sini ya usiku, mbalamwezi imetanda, watu wanavua, akanikatisha, "We mpwa wangu, nani anaenda dagaa na mwezi mpevu? Dagaa anafuata taa, mwezi ukiwaka taa yako anaifuatia nini?" Nikabadilisha usiku wote uwe giza, na sini ikawa nzuri zaidi, maana sasa Mama Neema akisimama ufukweni anaona taa za wavuvi mbali kabisa juu ya maji, na hawezi kujua ipi ya mumewe.

Niko ukurasa wa 22. Mjomba akipiga simu anauliza kwanza, huyo bwana karudi?