Siku moja maishani mwangu: vitoto vya paka kila mtu anavitaka, mama yao hamna anayemtaka

Saa kumi na nusu alfajiri simu haijalia bado ila Bi Mkaa, paka ninayemlea, keshaniamsha. Tangu saa nne usiku sijampa chakula na hajui kwa nini. Leo anafungwa kizazi, na paka mkubwa akichomwa sindano ya usingizi lazima tumbo liwe tupu, akitapika akiwa hajitambui matapishi yanaingia kwenye mapafu na hapo umempoteza. Basi ananizunguka miguuni, anaenda kwenye sahani yake, ananiangalia, anarudi miguuni, mpaka nikaitoa sahani nikaificha juu ya kabati maana nilikuwa namwonea huruma na mi najijua.

Nijitambulishe kidogo. Mi ni msaidizi kwenye kliniki ndogo ya mifugo hapa Dar, nakaa Magomeni, chumba kimoja uani pamoja na wapangaji wengine wanne. Mshahara wangu ni wa kusafisha vizimba, kushika wanyama wakichomwa sindano, kuchemsha vifaa. Hii ya kuokota paka wa mtaani, kuwalea na kuwatafutia pa kukaa hailipwi na mtu yeyote, ila ndo inayokula masaa yangu mengi kuliko kazi yenyewe, na ndo naandika leo kwa sababu kila nikisema nafanya nini naulizwa "kwa hiyo unauza paka?" Siuzi paka.

Saa kumi na moja nazoa mavi, nabadilisha maranda kwenye beseni (naletewa na fundi seremala wa mtaa wa pili, Mungu ambariki), nabandika dagaa. Dagaa wasiwe na chumvi, nawachemsha, nawaponda kwa mwiko, nachanganya na ugali laini kidogo. Vitoto viko vitatu. Tangawizi ni dume la rangi ya machungwa, Dagaa ni jike la kijivu lenye mistari, Soksi ni mweusi tii mwenye miguu minne myeupe. Soksi jicho lake la kushoto linatoa matongo tangu juzi, namfuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu, nampaka dawa ya jicho aliyonipa dokta, yeye ananipigia kelele utafikiri namchinja. Nawapima kwa mizani ya jikoni mmoja mmoja, naandika kwenye daftari. Soksi gramu 780, jana alikuwa 770. Nashukuru.

Walizaliwa kwenye gunia tupu kwenye banda la mkaa pale kona, ndo maana mama yao anaitwa Bi Mkaa japo yeye mwenyewe ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na machungwa. (Ukimuona paka wa rangi tatu jua karibu kila mara ni jike.) Mama muuza mkaa ndo aliyenipigia, akaniambia njoo mwanangu lori linashusha kesho, watu wangu watawakanyaga. Nilikuta vinne, macho ndo kwanza yanafunguka, kwa hiyo nilikadiria siku kumi hivi. Kimoja hakikuwa na nguvu ya kunyonya, kilikufa siku ya tatu kifuani kwangu, saa nane za usiku, na nilimzika mwenyewe pale nyuma kwenye mpapai. Hao watatu leo wana wiki tisa. Siwatoi kabla ya wiki nane hata uje na machozi, kwa sababu hizo wiki za mwisho ndo mama yao anawafundisha kula, kujifukia, na kutong'ata kwa nguvu.

Saa moja kasoro nimemuweka Bi Mkaa kwenye tenga, nimefunga na kanga juu, bajaji. Daladala nilishaacha kujaribu, konda akisikia nyau tu anakushusha.

Kliniki mpaka saa nne ni kudeki, kuchemsha mikasi, kuku wawili, mbuzi mmoja, mbwa wa chanjo.

Saa nne na robo zamu ya Bi Mkaa. Kilo mbili na nusu. Dokta kamchoma, nimemshika mpaka shingo ikalegea mkononi mwangu. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba kwa dawa ile ya usingizi paka halali macho yakiwa yamefumba, yanabaki wazi kabisa yanakutazama, na hapepesi, kwa hiyo yakiachwa hivyo yanakauka. Kazi yangu mimi ni kumpaka jeli machoni, kumnyoa manyoya ya tumbo, kuhesabu pumzi. Dokta anakata kidogo tu, hata urefu wa kidole changu haufiki, anavuta kizazi, anafunga, anakata, anashona. Mwisho anakata ncha ya sikio la kushoto, kidogo, ili hata akija kupotea huko mbele mtu mwingine akimkamata ajue huyu keshafungwa asije akapasuliwa tena bure. Nilimfunika kwa kanga na chupa ya maji ya moto pembeni, maana wakitoka kwenye usingizi ule wanapoa sana, nikakaa naye chini sakafuni mpaka akainua kichwa.

Na hapa niseme kitu kutoka moyoni. Watu wanaponisifia wananisifia kwa vitoto. Picha za vitoto kwenye stetasi yangu zinapata mioyo mpaka usiku wa manane. Lakini vitoto sio kazi, kazi ni mama. Mimba ya paka ni kama siku 63 hivi, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha hawa. Ukichukua vitoto ukamwacha mama kwenye banda la mkaa, shume wa pale kwenye bati anamsubiri, na baada ya miezi miwili unapigiwa simu nyingine na lori linashusha kesho. Mama muuza mkaa aliniambia huyu amezaa pale pale mara nne. Vitoto vyote vile vya nyuma viko wapi? Alinijibu tu "ndo hivyo mwanangu, barabara".

Mchana nimekula mihogo, nimejibu meseji. Meseji za paka zinafanana. Bado wapo? Bei gani? Kuna mweupe? Mweusi sitaki, mweusi wa kichawi. Naomba nitumie picha. Nikituma picha kimya. Kuna kaka mmoja toka Chanika tulishaongea siku tatu, anataka kimoja, anajibu vizuri, ana nyumba yake, ana watoto, nikamwambia njoo saa tisa na nusu nitakuwa nimetoka kazini.

Saa tisa nimeomba ruhusa, nimerudi na Bi Mkaa kwenye tenga, anayumba kama mlevi, nimemuweka chini ya kitanda kwenye giza peke yake.

Saa kumi akaja bibi mmoja wa Ilala, huyu alielekezwa na dokta. Nikamwamkia, "shikamoo bibi", "marahaba mwanangu, wako wapi wenyewe?" Kaja na kapu lake la ukili, ndani katandika kanga ya zamani iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama pamba. Hakuuliza rangi. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akanyamaza. Mi nina maswali yangu ninayomuuliza kila mtu lakini nilimwacha kwanza, nikaona Tangawizi anakuja, ananusa kidole gumba cha mguu wake, anapanda pajani, na Dagaa nyuma yake kwa sababu Dagaa popote Tangawizi alipo naye yupo. Bibi akaniambia paka wake wa mwisho alikaa naye miaka 14, akafa mwaka jana, na mwanae alitaka kumleta mwingine wiki ile ile yeye akakataa, akasema moyo haukuwa tayari. "Paka wa nyumba haingwi, na wala habadilishwi kama kandambili." Nikajua vitoto vyangu vimefika. Nilimwandikia kwenye karatasi mambo yote: chakula mara nne kwa siku, maziwa ya ng'ombe hapana yanawaharisha, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, tarehe ya dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu, na Panadol kamwe, hata nusu kidonge, Panadol inaua paka. Akazikunja zile karatasi akazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake.

Nilimuuliza, bibi na mama yao je? Alimwinamia pale chini ya kitanda, akamtazama sana. Akasema mkubwa atanitoroka mwanangu, atarudi kwao. Nikamweleza kuwa ukimfungia ndani wiki mbili tatu anazoea anapaona kwake. Akatikisa kichwa polepole. Sikumlazimisha, kuchukua wawili kwa umri ule ni jambo kubwa.

Sasa yule kaka wa Chanika. Saa tisa na nusu hajafika. Saa kumi nampigia, "niko hapo Buguruni nakuja". Saa kumi na moja, Buguruni. Kuna foleni, sawa, foleni ya Dar naijua. Mi hapo tangu asubuhi nina mihogo tu tumboni, nahitaji kwenda sokoni kununua dagaa wa kesho, siwezi kutoka. Magharibi ikaadhiniwa, nikamtumia meseji kaka kama umeghairi niambie tu, kimya. Nimeshaanza kuosha masufuria ndo nasikia hodi getini, kaja na bodaboda, na mkononi ana kiroba. Kiroba cha unga. Nikamuuliza hicho cha nini, akasema cha kumbebea, afunikwe asione njia asije akarudi. Usiku huu, mpaka Chanika, kwenye bodaboda, kwenye kiroba. Nikanyamaza nikamkaribisha kwenye kigoda, nikasema labda hajui tu, wengi hawajui, nitampa boksi.

Tukaongea. Kumbe wale watoto aliosema ni wa dada yake wala hakai nao. Paka anamtaka kwa ajili ya stoo, ana stoo ya mchele na maharage, panya wamemsumbua. Hilo peke yake sio kosa, paka wengi wazuri wamekulia dukani. Nikamuuliza, kaka, stoo unaweka sumu ya panya? Akasema aa kidogo tu, usiku, pembeni huko. Nikamweleza taratibu kabisa, panya aliyekula sumu anakuwa mzito, anakamatika kirahisi, paka anamla, sumu ile ile inaingia kwa paka, anatokwa damu ndani kwa ndani siku kadhaa bila wewe kuona, unamkuta amejikunja kona. Nimewashika hao mezani kliniki, fizi nyeupe kama karatasi, wengine tunawahi na sindano za vitamini K na wengi hatuwahi. Kwa hiyo chagua kaka, sumu au paka, vyote viwili haviwezekani.

Akacheka. Akasema dada, paka tu. Akasema nimechoma nauli kutoka Chanika, nirudishie nauli yangu. Akasema paka wamejaa kila jalala mji huu unajifanya wewe wako wa dhahabu. Mi nilikuwa nimechoka sana nikamjibu vizuri tu, basi kaka si uchukue hao wa jalala? Akasema wale hawashikiki!

Nilitaka kumjibu nikashindwa, na mpaka saa hizi naandika ndo nimejua nilitaka kusema nini. Soksi wakati huo alikuwa mkononi kwake. Amelala chali kwenye kiganja cha mtu asiyemjua, tumbo juu, ananguruma. Hakuzaliwa hivyo. Wiki ya tatu alikuwa ananitemea na kunipiga makucha, vidole vyangu vina alama. Anashikika kwa sababu kila siku alfajiri na usiku, wiki sita, kuna mtu kamshika. Hiyo ndo kazi yangu yenyewe, na alikuwa ameibeba mkononi anaiita paka tu.

Nikamtoa Soksi mkononi kwake. Nauli nilimpa elfu mbili, ilikuwa ya dagaa, ili aondoke kwa amani na wapangaji wenzangu wasisikie kelele. Alipofika getini alikisahau kiroba chake, nikamkimbilia nikampa.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilikula wali wa jana. Mama wa chumba cha mbele akaja na kichwa cha samaki, changu, kwenye kibakuli, akasema "mpe mgonjwa", na huyu ndo aliyenisemea kwa mwenye nyumba mwezi uliopita kwa ajili ya harufu, kwa hiyo nilikipokea kwa mikono miwili. Bi Mkaa akatoka chini ya kitanda, bado anayumba kidogo, akaenda kwenye boksi la watoto. Akanusa. Akatoa ile sauti yake ya kuwaita, sio nyau, ni kama anasema mrrru huku mdomo umefungwa. Soksi akaja. Akamnusa Soksi, akaita tena, akazunguka chumba chote, nyuma ya ndoo, nyuma ya pazia, akaita. Huwa wanatafuta siku moja, mbili. Nimeyaona haya mara nyingi na kila mara huwa nawasha redio, leo sikuwasha, nilikaa chini nikamsikiliza.

Saa tano na nusu meseji imeingia, namba mpya. "Habari dada, vitoto vya paka bado vipo?" Nikamjibu kipo kimoja cheusi na yupo mama yao, mpole sana, keshafungwa kizazi, anajua kutumia beseni, anawinda panya na mende. Nikatuma picha yake nzuri ile ya dirishani. Alama zimekuwa za bluu.

Bado hajajibu. Nimechambua kichwa cha changu, nimetoa miba yote kwa vidole, nimemuwekea karibu. Ameacha kuita, anakula.