Kioo cha ndani kinachojififisha: kipime kwanza kabla ya kununua kingine

Usiku taa za gari la nyuma zinapoanza kukuumiza macho kupitia kioo cha ndani, ambacho awali kilikuwa kikijififisha chenyewe, si lazima kioo hicho kiwe kimekufa. Nimekwisha kuona vioo vizima vikitupwa hapa Dar es Salaam kwa sababu tu vilipimwa kwa tochi saa sita mchana.

Kioo hiki kina sensa mbili: moja hutazama mbele ili kujua kama nje kuna giza, na nyingine hutazama nyuma ili kupima ukali wa taa. Kwa kuwa kioo hufifia pale tu mbele panapokuwa na giza na nyuma pakawa na mwanga mkali, kukimulika juani hakuthibitishi lolote. Washa swichi ya gari, hakikisha kitufe cha kioo hakijazimwa, ziba kabisa sensa ya mbele kwa utepe mweusi wa umeme, kisha elekeza tochi ya simu kwenye sensa ya nyuma. Baada ya sekunde chache kioo kinapaswa kukoza rangi, mara nyingi ya samawati au kijani. Ukiendelea kumulika huku umekanyaga breki na kuingiza gia ya rivasi, kinapaswa kurudi cheupe.

Kisipofifia, anza na umeme. Kati ya vioo viwili vyembamba mna jeli inayokoza rangi inapopitiwa na umeme, kwa hiyo kioo kilichokosa umeme hubaki cheupe daima. Angalia fyuzi, kisha upime kwenye plagi kama volti 12 zinafika na kama waya wa hasi ni mzima. Usisahau waya wa rivasi, ambao mafundi wengi huupuuza: ukiwa na umeme wakati wote, kioo huamini kwamba gari linarudi nyuma na hakitafifia kamwe.

Ukiona povu au doa la kahawia pembeni, jeli imeanza kuvuja, na hapo sioni faida ya kujaribu kukarabati. Vaa glavu, kwani kimiminika hicho huwasha ngozi na kuharibu plastiki ya dashibodi.

Katika kukibandua, uharaka ni ghali. Vioo vingi hukaa juu ya kitako cha chuma kilichogandishwa kwenye kioo cha mbele. Kama kuna skrubu, ilegeze kwa bisibisi ya nyota, kisha usukume kioo kuelekea juu badala ya kukivuta kwako, maana kukivuta kwa nguvu kunaweza kupasua kioo cha mbele. Aina nyingine huzungushwa. Unapokwenda Gerezani, eneo la maduka ya vipuri vya magari hapa Dar es Salaam, kutafuta cha mtumba, beba kile cha zamani ili ulinganishe kitako na idadi ya pini za plagi, na umwombe muuzaji akiunge kwenye betri, ukipime kwa utepe na tochi kabla ya kulipa.