Mbona sipaoni

Nimejaribu kulala nimeshindwa, ngoja niandike. Na wala si kwa sababu ya mambo makubwa, maana makubwa ya wiki hii yamepita na mimi nikiwa mzima tu, ndugu yangu Baraka kapata chuo Dodoma, bosi katangaza steshenari inahama kabla mwaka haujaisha, upepo wa juzi umeondoka na mabati mawili ya choo cha nyuma, yote hayo nimeyapokea vizuri kabisa. Kinachoninyima usingizi ni shangazi. Shangazi wa Buzebazeba, yule yule wa mawese.

Mnakumbuka niliwaambia nimeanza kukodi lenzi za kamera. Yule kaka wa mtaa wa Mwanga anayepiga picha za harusi, vifaa vyake vinalala kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, maana nani anaoa Jumanne hapa Kigoma, basi nikamfuata nikamwambia kaka kuliko zikae kwenye kabati zipate ukungu si unikodishe mi nijifunze. Akakubali kwa masharti yake, kadi ya NIDA inabaki kwake, hela ya siku mkononi kabla sijagusa kitu, na tunarekodi video ya lenzi wote wawili tukiwepo, mbele, nyuma, na ndani. Ndani ndo pa muhimu. Unawasha tochi ya simu upande mmoja unachungulia upande wa pili, ukiona vinyuzi vyeupe vyembamba vimetambaa kwenye kioo ujue ukungu umeshaingia, na sisi tunaoishi pembeni ya ziwa ukungu tunao wa bure. Yeye ndani ya begi kajaza vile vipakti vya kwenye maboksi ya viatu vinavyoandikwa usile. Mi nilikuwa navitupa, sasa hivi nikinunua hata sendo navitafuta.

Kwa nini sinunui, kuna aliyeniuliza. Ndugu yangu, ile 70-200 yenye 2.8 (namba za mwanzo ni milimita, zikiwa kubwa inavuta mbali, na 2.8 ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) ni mamilioni, na mimi mnajua nafanya kazi gani, natoa kopi na kupiga paspoti saizi. Kamera yangu ni ileile Canon 700D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo. Kukodi kunaniwezesha kushika kitu siku moja, nikagundua kama nakipenda kweli au nimekipenda YouTube tu.

Sasa shangazi. Amemaliza nyumba. Wenye kunifuata siku nyingi mnaijua historia ya ile nyumba, msingi umechimbwa mimi niko sekondari, ikafika kwenye linta ikasimama miaka, kila akiuza mawese zinaongezeka tofali, watu wakasema haiishi ile, mume akafa, haikuisha, akaendelea. Mwaka huu imepigwa bati za msauzi rangi ya maruni, madirisha ya aluminiamu, barazani kaweka tailizi ambazo ukiingia na viatu anakuangalia miguu hasemi kitu mpaka uvue mwenyewe. Akanipigia simu, njoo na kamera yako unipige hapa nyumbani. Na mimi siku hiyo nilikuwa na 85 ya 1.8 mkononi, nimeilipia, inawaka.

Mvua ilikuwa imekatika, mawingu mepesi, mwanga ule laini ambao hauhitaji kitu. Kavaa kitenge cha kijani na kilemba chake. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani, maana 85 kwenye kamera yangu siyo 85, hizi zenye sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, unazidisha kwa 1.6, inakuwa kama 136, ua ule wote ulikuwa haunitoshi. Nikafungua tundu mpaka 1.8, fokasi kwenye jicho, nikapiga.

Ile picha ni nzuri. Nasema leo na nitasema kesho. Kope unazihesabu, uzi wa pindo la kilemba unauona ulipotokeza, na ile pengo yake ambayo huwa anaifunika kwa mkono siku hiyo hakuifunika. Nyuma yake hakuna fujo yoyote, kumeyeyuka kote, rangi ya maziwa huku na maruni juu, laini kama uji uliopoa. Nikamuonyesha palepale kwenye kioo cha kamera. Akaenda ndani kuchukua miwani, akarudi, akaangalia muda mrefu.

"Hapa ni wapi?"

"Si hapahapa kwako shangazi."

"Kwangu? Mbona sipaoni?"

"Ndo inavyotakiwa, nyuma panafutwa ili wewe uonekane."

"Kwani pasipofutwa mimi sionekani?"

Sikuwa na jibu, nikacheka kile kicheko cha kupoteza muda. Akanirudishia kamera taratibu kwa mikono miwili akasema haya mwanangu, nzuri, ahsante, akanijazia na lita ya mawese niwapelekee nyumbani. Yale mawese ndo yalinimaliza. Angenisema tu ningelala.

Toka hapo nimekuwa namjibu peke yangu. Kwenye daladala kutoka Ujiji namjibu. Kazini mteja ananiambia toa kopi mbili mbele na nyuma natoa nne kwa sababu niko Buzebazeba nabishana na shangazi. Mara nimwambie shangazi hii ndo picha ya kisasa, hata magazeti makubwa wanapiga hivi. Halafu namsikia kabisa akiuliza, wa kwenye magazeti na yeye kajenga? Mara nimwambie uso wako ni muhimu kuliko nyumba. Hilo nalo silimalizi, maana uso amekuwa nao miaka yote hiyo na hakuwahi kuniita nikaupige.

Nikaamua nijue kwanza tatizo ni nini kitaalamu. Nikamsimamisha Baraka mlangoni kwetu, umbali uleule, nikabana tundu la lenzi mpaka 8. Kutoka 1.8 mpaka 8 mwanga unapungua karibu mara ishirini, picha ikaanza kuwa na chengachenga kwa sababu ilibidi nipandishe ISO, ule wepesi wa kamera kupokea mwanga, na bado mlango ule wa nyuma unautambua ni mlango lakini kitasa hukioni. Ndo nikaelewa, kwenye 85 ukiwa mita tatu na mtu, pale 1.8 sehemu inayotoka kali haifiki hata sentimita kumi, jicho liko, sikio linaanza kuondoka, na hata ukibana lenzi ndefu bado ina tabia zake. Nikarudisha ile ya kwangu ya 18-55, nikaiweka kwenye 18, tundu 8, hatua zilezile. Baraka mkali, mlango mkali, kitasa, ndoo, tangazo la mgombea wa mwaka jana ukutani, kila kitu kipo. Lenzi ya bure kabisa.

Nikampigia kaka wa Mwanga. Anasema ah, kama ulitaka nyumba si ungetumia hiyohiyo yako. Nikamwambia mbona hukuniambia? Akasema dada, hukuniambia unaenda kupiga nini, uliniambia unataka 85. Biashara ni biashara, nikakata simu.

Halafu kazini ndo nikawa naangalia watu. Kutwa nzima mimi kazi yangu ni kufuta mahali. Mtu anakaa kwenye kigoda, nyuma pazia la bluu, bega sawa, kidevu chini kidogo, haijulikani katokea Kibondo au Kalya, ndo paspoti ilivyo. Na wanaokuja kwa picha za kuweka kabatini wanataka wapelekwe kwingine, niwekee maghorofa, niwekee maua, kuna kijana wa bodaboda aliniomba Dubai. Nikamkumbuka na baba, ile picha yake ya ujana iliyopo sebuleni kapigwa studio moja ya zamani Ujiji, kasimama mkono kiunoni mbele ya pazia limechorwa ziwa na minazi, wakati ziwa lenyewe liko hapo chini, ukitembea kidogo tu unalowa miguu. Watu wote hao wanalipa waonekane mahali wasipokuwepo. Shangazi peke yake ndo alitaka aonekane alipo, na huyo ndo nikamyeyushia.

Sasa Jumatano jioni naangalia status za WhatsApp, nakuta ya shangazi. Picha. Siyo yangu. Kapigwa na mjukuu wake kwa simu ya Tecno, mtoto yuko darasa la sita, kasimama huko getini ili bati lote liingie, shangazi mwenyewe yuko mdogo katikati kavaa kitenge kilekile cha kijani, nyumba nzima ipo, sola juu ipo, tangi lipo, kuku wawili, kamba ya nguo na shuka la maua, na kipande cha ukuta wa jirani. Chini kaandika Alhamdulillah. Simu hizi sensa zake ni ndogo sana ndo maana kila kitu kinatoka kikali bila mtu kufikiria chochote. Niliiangalia sana ile picha nikitafuta kosa nikaona shuka tu. Nikai-like nikazima data.

Jana nilikuwa na oda yangu ya 70-200, nilishaweka ahadi kabla ya haya yote, na nilitaka kwenda kuiahirisha. Mama akaniambia hela umeshatoa, nenda. Nikaamka bado giza nikapanda bodaboda mpaka Kibirizi, mwaloni kwa wavuvi.

Jamani. Wiki hii mwezi haupo, na dagaa huvuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika kwa sababu samaki hawaifuati taa, kwa hiyo siku za giza ndo mwalo unachangamka. Vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa, vilikuwa vinaingia kimoja kimoja taa bado zinawaka. Nikasalimia kwanza kila niliyemkuta, nikaomba kwa wazee wa pale, kijana mmoja akaniuliza dada hiyo bunduki umepewa na nani, mwingine akasema huyu kapotea, watu wa Gombe wanapandia kule. Kweli lenzi za saizi ile watu wa hapa wamezizoea kwa wageni wanaokwenda kuangalia sokwe, na wanaojua wanasema msituni mule kuna giza, bila 2.8 unarudi na weusi mtupu.

Ni nzito, kilo moja na nusu lenzi peke yake, kamera yangu ikawa ndo imening'inia kwenye lenzi. Unaishika kwa chini mkono wa kushoto, kiwiko mbavuni, na spidi usishuke chini ya 1/320 ya sekunde ukiwa kwenye 200, la sivyo mkono unatikisa picha. Mi niliweka 1/500 nikajilaza juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Ilipofika jua limetoka na mvua ya usiku imesafisha hewa, milima ya Kongo ikajitokeza upande wa pili. Kiangazi chote huwa hatuioni, vumbi na moshi. Kwa macho ipo mbali, mstari tu wa bluu. Nikapiga kipe kilichokuwa mbali kinaingia, nikaangalia kioo, milima imesimama nyuma ya wavuvi palepale, mikubwa, unaona mpaka mikunjo yake, mtu angedhani wakimaliza kushusha wanapiga kasia wanakula mchana huko. Si kwamba lenzi imeivuta, ni kwamba mimi niko mbali na kipe, ukikaa mbali vitu vya mbele vinapungua na vya nyuma vinabaki na ukubwa wake. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi lakini sikuwahi kulielewa mpaka pale tumbo likiwa juu ya mbao zenye maji.

Na kuna mama alikuwa anaanika. Anawamwaga dagaa kwenye chanja, anawatawanya kwa kiganja kwa mzunguko mmoja hivi, wengine walikuwa bado wanarukaruka, na kila mkono wake ukipita wanageuka wote upande wa fedha. Nilimuomba, akasema piga, ila na dagaa wangu waonekane. Nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza kuna nini. Nikamsogelea mpaka lenzi ikakataa kushika fokasi, ile inataka mita kama moja na robo, nikarudi hatua moja, nikabana mpaka 5.6, mikono yake na dagaa wakaenea humo vizuri.

Zile za Kibirizi sijazipandisha bado, nataka nizipunguze kwanza, zipo nyingi mno na kopyuta ya kazini bosi anaitaka ifungashwe. Shangazi nae Jumapili nitakwenda na 18-55 tu, au sitakwenda, sijui, akiniita nitakwenda. Yule mtoto ashanizidi kete.

Kitu kingine, majina ya mkopo wa wanafunzi wa chuo awamu ya pili yametoka leo mchana na la Baraka halimo. Amenionyesha mimi tu. Nimeangalia tena kwa namba yake ya fomu four, halimo. Kuripoti chuoni ni wiki ijayo na baba ameshawaambia msikiti mzima kwamba mwanae anasomeshwa na serikali, na nauli yenyewe ya treni mpaka Dodoma ndo tulikuwa tunaitegemea kwenye mashine ya kopi ya pili ambayo tangu juzi inakula karatasi.