Siku moja maishani mwangu: kuifungia Hilux mkonga

Saa 1 asubuhi. Unga Ltd hapa Arusha ni tope tupu, mvua imepiga usiku kucha na Meru haionekani. Nafika gereji namkuta mzee ameshaegesha Hilux yake ya kizamani, ile yenye injini ya dizeli iitwayo 3L.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Leo unanifungia huo mkonga au unanipiga kalenda tena?"

Mkonga ni bomba linalopandisha mdomo wa kuvutia hewa ya injini hadi usawa wa paa, maji yasiingie. Kalenda nilimpiga kweli, wiki 2. Nacheka tu, namtuma dogo chai na chapati.

Mzee hupeleka mahitaji kambini huko Ngare Sero, Ziwa Natron. Ukishaacha lami Mto wa Mbu ukashika njia ya Engaruka, kuna makorongo ambayo kiangazi ni mchanga mkavu, masika maji yanashuka bila hodi. Mwaka jana gari lake lilikunywa maji kupitia eya klina, chujio la hewa. Injini ya dizeli kama hii inashindilia hewa zaidi ya mara 20, na maji hayashindiliki. Pistoni ilipopanda ikayakuta yamejaa, konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, ikapinda kama ndizi. Niliifungua mwenyewe, kwa hiyo sisimuliwi.

Saa 3. Tunapanga vifaa chini: bomba la PVC la inchi 3, elbo za nyuzi 45, hosi nene ya lori, klipu, silikoni. Dogo anauliza kwa nini tusitumie elbo moja ya nyuzi 90, si ni rahisi zaidi? Injini hii ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta karibu lita 4,000 za hewa. Kona kali inaibana pumzi. Na ndani ya boneti siweki PVC, joto linailainisha. Huko inakaa hosi ya lori yenye waya ndani, isiyonywea injini ikivuta.

Saa 4. Kutoboa madigadi. Mzee kakumbuka ghafla kwamba anatakiwa kununua vocha. Simlaumu, sijaona mwenye gari anayeweza kusimama akaangalia bodi yake ikitobolewa. Nakata kiolezo kwa katoni, nakibandika, nakisogeza, narudi nyuma hatua 3 kuangalia, nakisogeza tena. Kabla ya drili napitisha mkono ndani ya madigadi kupapasa nyaya, maana kuna fundi nimfahamuye alikata nyaya za taa akatafuta tatizo siku nzima. Natoboa tundu dogo katikati, kisha msumeno wa duara. Kipande kinadondoka na mlio wa sarafu. Tupa kulainisha kingo, rangi ya kuzuia kutu, tunasubiri ikauke.

Saa 7. Makande kwa mama ntilie. Mvua inatishia.

Saa 8. Bomba linasimama kwenye nguzo ya kioo, mdomo juu usawa wa paa. Mzee amerudi, anataka mdomo utazame mbele "kama magari ya watalii". Namwambia ya dukani ina matundu ya kutoa maji ya mvua kichwani, hii yetu haina. Utazame nyuma. Kanuna kidogo. Nampooza kwa kumwambia kiangazi ndipo ataushukuru zaidi, kwa kuwa vumbi la njia ile huwa zito zaidi usawa wa matairi. Tunapaka bomba rangi nyeusi, PVC ikiachwa uchi jua linaifanya ikauke na kupasuka.

Saa 9:30. Jaribio. Injini kwenye sailensa, bila kukanyaga mafuta, naziba mdomo wa juu kwa kiganja. Inatakiwa izime. Haizimi! Inanguruma kama kawaida, maana yake inapata hewa kwingine, na panapoingia hewa maji yataingia. Mkonga unaovuja ni pambo tu.

Nawasha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka, napitisha moshi kila kiungo. Kwenye madigadi unapanda wima. Kwenye klipu, wima. Nikifika mfuniko wa boksi la eya klina moshi unapinda, unazama ndani kama uzi unaovutwa. Mpira wa mfuniko umeliwa kona moja. Hapo silikoni haifai, mfuniko lazima ufunguke kubadilisha chujio. Dogo anachana tyubu ya baiskeli, tunaunda mpira mpya. Kile kitundu cha chini cha boksi pia nakiziba. Naziba tena juu: injini inakohoa, inatetemeka, kimya.

Saa 11. Nimemalizia vipumulio vya difu, vile vitundu vyake vya hewa, kwa kuvipandishia mpira mwembamba hadi ndani ya boneti. Difu yenye moto ikitumbukia maji baridi huyanyonya, na oili inakuwa kama chai ya maziwa.

"Sasa navuka popote?"

"Hapana mzee. Altaneta ya kuchaji betri bado iko palepale chini, na mkondo unaweza kulibeba gari lenyewe. Kwanza shuka upime kwa fimbo."

Kaitikia, kalipa, kawasha. Pale getini kuna dimbwi na njia nzuri ya kulikwepa. Kapita katikati, taratibu, kioo kimeshushwa, anautazama mkonga. Dogo alikuwa kasimama pembeni na suruali safi ya kurudia nyumbani.