Kwa hiyo hujui

Maneno matatu tu, na tangu jana asubuhi yamenikwama kama mfupa wa samaki kooni. Aliyeyasema hana hata habari. Kitinda mimba wangu mnamjua, hana ubaya wa kupanga. Alisema tu kama mtu anayekwambia mvua imekatika, kisha akaendelea kuzungusha bisibisi mkononi.

Nianze na gari, kwa sababu bila gari hamtanielewa. Ni lile lile, msiulize. Jumatatu niliwasha swichi likanijibu tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia kama mtu anayepigana na usingizi, basi. Jirani akaja na waya zake akalibusti, likawaka, nikaenda kazini nikiwa na matumaini. Jioni nikalikuta limegoma tena palepale nilipoliegesha. Hii ndiyo wiki ambayo bosi wetu amejiuzulu na mdogo wangu hatimaye amepata tarehe ya harusi, lakini hayo yana siku yake, leo niachieni betri.

Jumatano usiku niliiweka kwenye chaja mpaka asubuhi. Alhamisi nikaichomoa, nikaiacha itulie kwa saa kadhaa, jioni nikampa Kitinda mimba mita asome. Akaisogeza mpaka puani. "Kumi nukta tano." Nikamwambia betri ya gari si kitu kimoja, ni vyumba sita vilivyopangwa mstari, kila kimoja kina kama volti 2.1, kikiwa kizima na kimejaa. Akahesabu kwa vidole, akakosea, akarudia, akafika 12.6. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Kimoja kimekufa, Mama." Kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia redioni! Na ndivyo ilivyokuwa hasa, ukitoa 2.1 kwenye 12.6 unabaki na 10.5, na betri ya namna hiyo utaichaji mpaka uzeeke. Imetuhudumia miaka mitano na ushee, siidai kitu. Usiku ule nililala nimevimba kichwa. Nikajiona mama wa mfano, mama anayefundisha.

Ndiyo maana yale ya Jumamosi yaliuma.

Nilikuwa nimevua pete na saa, nimefungua boneti, nimetoa kwenye sanduku ile spana namba 10 yenye pengo, ambayo Baba watoto anaapa aliinunua hivyohivyo. Nikaiweka kwenye nati ya waya mweusi.

"Kwa nini unaanza na huo mweusi?"

"Ndivyo inavyofanywa. Hasi kwanza."

"Na ukianza na mwekundu?"

"Hapana, ni hatari."

"Hatari gani?"

Hapa ndipo nati ilipokaza ghafla. Yaani haikukaza, niliikazia mimi, nikaguna kama ninayeshindana nayo, nikitumaini atasahau. Hakusahau. Alinisubiri. Nilipoinua uso akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo hujui."

Nimelirudia hili tukio nikiosha vyombo, nikipiga pasi, nikiwa nimelala macho yameangalia dari. Kila nikirudia nampa jibu tofauti. Mara namwambia, "Sijui, tukatafute," na tunakwenda wote wawili tukicheka. Mara namweleza yote kwa kituo kama mwalimu wa fizikia. Mara namkaripia, nikimwambia akae mbali na tindikali, halafu naona aibu hata katika ndoto yangu mwenyewe. Wenye kumbukumbu mtanikumbusha kwamba niliwahi kuandika hapa, tena kwa ukali, nikiwalaumu waliotulea kwa kutujibu "ndivyo ilivyo". Sawa. Nimewasikia kabla hamjasema.

Kazi yenyewe haikuwa na neno. Nilitoa mweusi, nikatoa mwekundu, nikalegeza kibano, nikainua betri kwa miguu na si kwa mgongo, maana ile si mizigo ya kuinua huku unaongea. Vichwa vya waya vilikuwa na ule unga mweupe wenye ukijani. Tukavimwagia maji ya moto yenye magadi, povu likapanda, akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa keshasahau. Mpya tukaikalisha vichwa vikiangalia upande uleule, kwani nyaya ni fupi na hazina msamaha. Kurudisha ni kinyume cha kutoa: mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Nilifanya polepole makusudi, nikimpa nafasi aulize kwa nini sasa nimegeuza.

Hakuuliza.

Hilo limeniuma kuliko yale maneno matatu. Gari likawaka kwa mara moja, mita ikasoma 14.2 injini ikinguruma, maana yake alteneta ni nzima na inachaji, nami nilisimama pale nimeshika spana kama mtu aliyefika harusini wageni wameshaondoka.

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta. Nilipotea kidogo, nikajikuta kwa Gaston Planté, Mfaransa aliyetengeneza betri ya kwanza ya madini ya risasi inayochajika upya mwaka 1859, nikawaza kama naye alikuwa na mtoto wa kumuuliza maswali. Kisha nikalipata, na ni jambo dogo la kutia hasira. Waya mweusi umefungwa kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo bodi nzima, na kila chuma kilichoshikana nayo, ni hasi. Ukianza na mwekundu wakati mweusi bado umeshika, spana ikiteleza na kugusa chuma chochote, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma kinene: inapiga shoti, cheche zinaruka, spana inapata moto wa kuunguza mkono, na betri iliyotoka kuchajiwa inaweza kuwa na haidrojeni juu yake, ambayo haihitaji kubembelezwa ili ilipuke. Ukianza na mweusi, spana ikigusa bodi ni hasi kwa hasi, hakuna kinachotokea. Ukishautoa, bodi haina tena njia ya kurudi kwenye betri, hata huo mwekundu unaufungua kwa amani. Na ndiyo maana kwenye kurudisha mweusi unakuja mwisho.

Nikaenda chumbani kwake mbio. Alikuwa hajalala sawasawa. Nikakaa kitandani, nikaanza: "Unakumbuka uliniuliza kuhusu waya mweusi?"

"Eeh. Bodi yote ni hasi."

"Nani kakwambia?"

"Baba. Nilimpigia kwa simu ya Dada." Akapiga mwayo. "Amesema yeye alianza na mwekundu siku moja, spana ikagusa chuma ikanata, ikapiga kama radi. Ndiyo ile yenye pengo. Amesema nisikwambie."

Jamani. Miaka mingapi naambiwa imenunuliwa hivyo! Nilicheka mpaka yule mkubwa akaja kuuliza nani amefariki au ameolewa. Nikashuka kwenye sanduku la vifaa na tochi, nikaitoa spana, nikaliangalia lile pengo: si la kiwandani hata kidogo, ni chuma kilichoyeyuka kikalika, kingo zake laini kama mshumaa. Nimempigia picha nikamtumia Baba watoto huko aliko, bila neno lolote. Ameiona. Hajajibu mpaka sasa ninapoandika. Ile betri mfu imesimama wima ndani ya beseni la plastiki, itarudi kwa wauzaji wanaokusanya za zamani, risasi si takataka ya kutupa nyuma ya nyumba. Spana nayo nimeiweka mezani, mahali ambapo mtu akirudi safari ataiona kabla ya kuvua viatu.

Asubuhi ya leo Kitinda mimba naye akaomba aione. Nikampa. Akaisogeza mpaka puani, akafinya macho, akaigeuza taratibu kuelekea dirishani.

Kama mita ile Alhamisi. Na sasa nikikumbuka, kama daftari lake la hesabu wiki iliyopita, ambalo nilidhani amelilalia kwa uvivu nikamgombeza. Nimemwambia anisomee tarehe kwenye kalenda ya ukutani kutoka alipokuwa amekaa. Akasema, "Ngoja," akainuka, akaenda mpaka karibu ya ukuta.