Nilivyohangaika kutabiri kasi ya mafuta mazito, mpaka nikaacha kuiamini Eksel yangu

Siku ya kwanza ya mastaz pale Calgary, Kanada, nilipewa kopo la bitumeni ya Athabasca, yaani mafuta mazito kama lami yanayotoka kwenye mchanga wa huko, nikaligeuza juu chini nikasubiri imwagike, wapi, imetulia kama halua. Hiyo ndo nilitakiwa nitabiri itatoka kwa kasi gani ukiipa mvuke wa propani badala ya mvuke wa maji. Njia yenyewe inaitwa Vapex, waliianzisha Butler na Mokrys hapohapo Calgary mwishoni mwa miaka ya 80. Visima viwili vya kulala, kimoja juu ya mwenzake, propani inaingilia cha juu, inayeyukia kwenye mafuta, mnato unashuka, mafuta yanateremka yenyewe mpaka cha chini.

Fomula yao inasema kasi inapanda kwa kipeuo cha pili cha upenyezaji (jinsi mwamba unavyopitisha mafuta kirahisi) na cha kimo cha tabaka lenye mafuta. Basi nikashindilia shanga za kioo zilizolowa mafuta kwenye kisanduku changu cha maabara, ziwe badala ya mwamba, nikaendesha jaribio, nikakuta mafuta yanatoka mara kadhaa zaidi ya fomula. Nilichofanya naona aibu kusema: nilipandisha namba ya difusheni (kasi ya propani kupenya ndani ya mafuta) kwenye Eksel mpaka mistari miwili ikalaliana, ikapendeza kweli. Profesa akaitazama akauliza, "Hii namba umeitoa dunia gani?"

Nikarudi mwanzo. Kumbe mizani yangu ilikuwa inanidanganya, mafuta yanatoka yakiwa bado yamebeba propani tumboni na mimi nahesabu yote kuwa mafuta. Nikaanza kuyaacha yapumue kwanza, yanafura povu kama uji unaotaka kumwagika jikoni, unakaa hapo unasubiri mpaka uzito ugome kushuka. Pengo likapungua, halikuisha.

Shida kubwa ilikuwa nina kisanduku cha kimo kimoja tu, yaani kipeuo nilikuwa nakiamini bila kukipima. Nikaomba kirefu zaidi, shanga zilezile, presha ileile, na kasi ikapanda kupita kipeuo. Watafiti Yazdani na Maini walishalionyesha hili 2005, kwao kasi ilipanda kwa kimo chenye kipeo cha 1.1 hadi 1.3 na sio 0.5 (ambayo ndo kipeuo cha pili), kwa sababu mafuta yakiteremka njia ndefu yanazidi kuchanganyika na propani njiani. Usidhani ni tofauti ndogo: toka kisanduku cha sentimita 20 mpaka tabaka la mita 20 ni mara 100, kwa kipeuo kasi inakua mara 10, kwa 1.1 inakua kama mara 158. Hapo ndo kampuni inachimba au haichimbi.

Jaribio la tatu niliandika tabiri yangu kwenye karatasi nikaibandika ukutani kabla sijafungua valvu. Nikakosea kama asilimia kumi na kitu hivi. Profesa akasoma karatasi, akasoma mizani, akasema haya, sasa weka shanga ndogo.