Mguu wa mama ulikuwa wa moto, na haukuuma

Mama alikuwa ametoka kuoga, nikawa namkausha miguu. Wa kushoto ukanishtua kwa joto. Nikashika wa kulia, nikarudi kushoto: ulikuwa kama umeanikwa juani. Umevimba, ngozi imekaza hadi inang'aa.

"Mama, unauma?"

"Wala, mwanangu. Umechoka tu."

Tukamshukuru Mungu kwamba hauumi. Shukrani ile inanikereketa moyoni mpaka leo.

Ana kisukari miaka 19, na ganzi tulishaizoea. Vidole navyo vilikuwa vimejikunja kama makucha, maana sukari ikiharibu neva haiishii kwenye hisia. Misuli midogo ya mguu hulegea, vidole vikavutwa juu, na uzito ukaelemea vichwa vya mifupa chini ya wayo. Hapo ndipo sugu hukomaa, na chini ya sugu kidonda huanza kimyakimya. Hayo tuliyajua.

La joto hatukulijua. Tulikokwenda kwanza walisema ni maambukizi, wakampa dawa za kuua bakteria. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa hiyo akaendelea kutembea. Wiki tano nzima! Mifupa imelainika, na kila hatua inaisaga.

Daktari wa pili aliishika miguu yote miwili kabla ya kuuliza chochote, akapima joto la kila mmoja. Akasema huu ni mguu wa Charcot, kwa jina la Mfaransa aliyeeleza viungo vinavyobomoka namna hii mwaka 1868. Akamfunga plasta hadi chini ya goti na kumkataza kabisa kuukanyagia. Ilichukua miezi saba, plasta ikibadilishwa kila uvimbe ulipopungua, kwani ikilegea huchubua, na mama asingehisi.

Nakuomba, wewe mwenye kisukari au unayemuuguza mzazi: mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto kuliko mwenzake, hata kama hauna jeraha, hata kama hauumi, acha kuukanyagia na uende hospitali siku hiyohiyo. Watajie mguu wa Charcot wewe mwenyewe wasipoutaja.

Siku hizi mama akitoka kuoga naangalia nyayo zake sakafuni. Wa kulia unaacha lile pengo la katikati. Wa kushoto umejaa maji wote, na pale palipokuwa na upinde ndipo panapolowa zaidi. Viatu vyake ni vya kutengenezewa, vipana juu ya vidole. Kila jioni naiwekea miguu yake mgongo wa mkono, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

Jana joto lilikuwa sawa.